Mama Zetu Walichanganya Maharage, Sisi Tukachambua



Msimu uliopita sisi walimu wa kujitolea tulilima kabustani kadogo nyuma ya darasa. Tulichambua mbegu za maharage, tukapanda aina moja tu, ile nyekundu, kwa sababu inapendeza na inauzika haraka. Mvua ilipozidi, madoa meusi yakaingia kwenye maganda. Mmea mmoja, kisha wa pili, mpaka mstari mzima. Tulivuna vikombe viwili! Jirani yetu, mama mmoja mzee, alikuwa amepanda mchanganyiko wa rangi zote. Yeye pia aliguswa, lakini alivuna chakula cha watoto.

Basi tukajifunza. Ugonjwa ule ni chule, na unaletwa na kuvu. Vijimbegu vya kuvu hatuvioni kwa macho. Tone la mvua likipiga jani gonjwa, linavirusha kwa jirani. Tena kuvu ina koo nyingi: ukoo unaoweza kuua aina moja ya maharage unashindwa na aina nyingine. Tukipanda aina moja tu, ukoo mmoja unakula shamba zima na kuzaliana. Tukichanganya, vijimbegu vingi vinaangukia mmea vinaoshindwa kuingia, vinakufa bure. Kuvu inapungua.

Kule Kivu, Burundi na Rwanda, mama zetu walipanda mchanganyiko tangu zamani. Siyo ujinga!

Hata China walilihakikisha jambo hili kwa mpunga, katika jimbo la Yunnan, mwaka 1998 na 1999. Wakulima walipanda mstari wa mpunga wa kunata, unaougua sana ugonjwa wa kuvu uitwao blasti, katikati ya mistari ya mpunga wenye nguvu. Mwaka 1999 walifikia hekta 3,342. Kwenye ule wa kunata, ugonjwa ulipungua kwa asilimia 94 na mavuno yakazidi kwa asilimia 89, kuliko ulipopandwa peke yake. Wakaacha kupuliza dawa ya kuvu.

Wengine watasema: sokoni wanataka rangi moja. Ni kweli. Lakini wale wa Yunnan walivuna kila aina peke yake, kwa sababu ilikuwa na mstari wake. Na sisi tunaweza kujaribu hivyo.

Tusidanganyane, mchanganyiko siyo dawa ya kila kitu. Chule inakaa ndani ya mbegu, kwa hiyo:
- Tuweke mbegu kutoka maganda safi tu.
- Tusiingie bustanini majani yakiwa na maji.
- Tusirudishe maharage mahali palepale kila msimu.
- Tuchague aina zinazokomaa pamoja.

Msimu huu tumemwomba yule mama mbegu zake. Ametupa kopo moja, akacheka: "Walimu, karibuni shule." Nanyi wenye mchanganyiko wa nyumbani, msiutupe. Mgawieni jirani.

Tunawatakia mavuno mema.