Sabufa: usidanganywe na wati za kwenye boksi

Wadau, tukishauza mpunga hapa Kamsamba, wengi tunapanda gari kwenda Tunduma kununua sabufa. Boksi la yangu liliandikwa wati 10,000 PMPO. Nikaamini! Kumbe ni namba ya kuvutia wateja tu.

Kabla hujalipa, geuza nyuma usome inakula wati ngapi. Yangu 60. Haiwezi kutoa mfululizo zaidi ya inachokula, kwa hiyo linganisha RMS, siyo PMPO.

Nyumbani, iweke chini kwenye kona, besi inaongezeka yenyewe. Ikivuma kupita kiasi, isogeze mbali na ukuta. Spika ndogo ziwe pembeni mwa TV, usawa wa masikio. Ikianza kukoroma, punguza sauti. Ukilazimisha, koili inaungua na hela ya mpunga ndiyo imekwenda hivyo.

Naomba kuwasilisha.