Jenerali Rawat: mwana wa jeshi la India aliyepitia moto wa Kivu

Bipin Rawat alipofariki tarehe 8 Desemba 2021, India ilimlilia kama mkuu wa kwanza wa majeshi yake yote matatu. Huku Kivu Kaskazini ni wachache waliokumbuka kwamba mwaka 2008 usalama wa Goma, Masisi na Walikale ulikuwa pia mikononi mwake.

Alizaliwa tarehe 16 Machi 1958 huko Pauri, kwenye milima ya kaskazini mwa India. Kuna familia za huko zinazorithishana mchezo wa kriketi. Kwake walirithishana sare ya jeshi. Baba yake alifikia cheo cha luteni jenerali, na mwaka 1978 kijana akaingia katika kikosi kilekile cha Gurkha alichokuwa baba.

Alikuja Kongo akiwa brigedia, kuongoza brigedi ya MONUC ya Kivu Kaskazini. Wakati huo CNDP ya Laurent Nkunda ilikuwa imeshika Kitchanga na milima mingi ya Masisi. Walikale, kwa upande wake, wenye bunduki waligombania kasiteriti ya Bisie. Kutoka Sake kupanda Masisi ni barabara ya matope, na mvua ikinyesha hata gari la kivita linakwama. Kulinda vijiji vyote vya huko kwa kambi chache ni kazi ambayo hesabu yake haikubali.

Oktoba 2008 mambo yaliharibika. Tarehe 27 helikopta za MONUC ziliwapiga waasi, lakini siku hiyohiyo wakaazi wa Goma waliitupia mawe ofisi ya Umoja wa Mataifa, wakisema haiwalindi. Siku mbili baadaye askari wa serikali walikimbia mji. Wahindi wa Rawat walibaki, na Nkunda akasimamisha vita akiwa mlangoni mwa Goma.

Hiyo ndiyo sifa yake. Lakini haiwezi kutajwa bila Kiwanja, katika Rutshuru, ambako tarehe 4 na 5 Novemba raia wapatao 150 waliuawa. Kambi ya MONUC ilikuwa karibu kilomita moja tu. Askari wapatao 120 walikuwemo, na mauaji hayakuzuiwa.

Januari 2009 Nkunda alikamatwa Rwanda, na wapiganaji wake wakaingizwa katika FARDC. Rawat akarudi kwao. Mwaka 2010, yeye akiwa hayupo tena, Walikale ikapata Kiwanja yake: Luvungi na vijiji jirani, ambako watu wasiopungua 387 walibakwa kwa siku nne, huku kambi ya askari wa India ikiwa Kibua, barabara hiyohiyo. Ntabo Ntaberi Sheka, mmoja wa wakuu wa makundi yaliyohusika, alihukumiwa kifungo cha maisha mjini Goma Novemba 2020.

Mwaka mmoja baadaye, helikopta iliyombeba Rawat na mkewe Madhulika ilianguka karibu na Coonoor, kusini mwa India.