Lugha ya Amri na Lugha ya Mazungumzo: Mazoezi ya Kuzungumza na Kuandika Kichina kwa Wanafunzi wa Mwanzo wa Katanga

1.0 Utangulizi

Lukafu iko kaskazini mwa Lubumbashi, chini ya safu ya Kundelungu, katika eneo ambalo tangu mgawanyo wa mikoa wa 2015 limo katika jimbo la Haut-Katanga. Kabla ya mji wa Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, kuanzishwa mwaka 1910, Lukafu ilikuwa miongoni mwa vituo vya utawala wa kikoloni huko Katanga. Maofisa wa vituo vya namna hiyo walihitaji lugha ya kuwasiliana na wenyeji, na mara nyingi lugha hiyo ilikuwa Kiswahili, ambacho kilikwisha kufika Katanga pamoja na misafara ya biashara. Walijifunza kwa vijitabu vya msamiati. Mfano mmoja ni ule wa Charles Lemaire, uliotolewa katika miaka ya 1890, ambao ulipanga maneno ya Kifaransa sambamba na ya lugha nyingine kadhaa, Kiswahili kikiwemo. Johannes Fabian, katika utafiti wake wa 1986 kuhusu Kiswahili katika Kongo ya Wabelgiji, ameonyesha kwamba vitabu vya aina hiyo vilielekea zaidi kumpa msomaji lugha ya kuamuru kuliko lugha ya kuzungumza.

Leo zamu ya kujifunza imewageukia wenyeji. Mkataba wa Sicomines wa 2008 na ununuzi wa hisa kubwa za mgodi wa Tenke Fungurume na kampuni ya Kichina mwaka 2016 vimeleta Kichina katika ukanda wa shaba. Kijana wa Katanga anayeanza somo la Kichina aghalabu ana matumaini ya kazi: ukalimani, biashara au usimamizi. Makala hii inakusudia kueleza namna mazoezi ya kuzungumza na kuandika yanavyoweza kupangwa kwa ajili ya mwanafunzi huyo, na kuonyesha kwamba kosa la vijitabu vya zamani linaweza kurudiwa kwa upande wa pili: mtu akafundishwa Kichina cha kupokea amri tu, asipewe kile cha kuuliza, kukataa na kueleza.

2.0 Toni: Hazina Iliyosahauliwa

Kichina Sanifu kina toni nne, pamoja na silabi nyepesi zisizo na toni yake yenyewe. Toni ya kwanza ni ya juu na sawa. Ya pili hupanda. Ya tatu hushuka chini, na neno likitamkwa peke yake huinuka tena mwishoni. Ya nne huanguka kwa ghafla. Toni hizi hutofautisha maana. Mǎi ni kununua, ilhali mài ni kuuza. Mwanafunzi wa Kongo, ambaye mai kwake ni maji, hana budi kuyasikia hayo mawili kuwa maneno tofauti kabisa, la sivyo atauza alichotaka kununua.

Ni kawaida kudai kwamba Mwafrika anayezungumza Kiswahili hupata taabu hapa kwa sababu Kiswahili hakina toni, bali kina shadda kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Dai hili ni kweli kwa Kiswahili, lakini si kweli kwa mzungumzaji wake wa Katanga. Wengi wa wanafunzi wa Lubumbashi wana lugha nyingine nyumbani: Kibemba, Kiluba, Kisanga na nyinginezo, ambazo ni lugha za toni. Masikio yao yamezoea tangu utotoni kwamba kimo cha sauti ni sehemu ya neno. Tofauti iliyopo ni kwamba katika lugha hizo msingi ni kimo cha juu na cha chini, ambapo Kichina hutegemea pia mwendo wa sauti ndani ya silabi moja. Kwa hiyo zoezi la kwanza lisianze kwenye Kiswahili wala Kifaransa. Mwanafunzi atakiwe kutafuta katika lugha ya nyumbani kwao jozi ya maneno yanayotofautiana kwa toni tu, ayatamke mbele ya wenzake, kisha aiendee jozi ya Kichina. Lugha ambayo shule haikuiuliza kitu kwa miaka mingi hugeuka kuwa mwalimu msaidizi.

Baada ya hapo toni zifanyiwe mazoezi ndani ya mafungu ya maneno, kwani hubadilika zikutanapo. Katika salamu nǐ hǎo maneno yote mawili yana toni ya tatu, lakini la kwanza hutamkwa kwa toni ya pili.

3.0 Pinyin na Macho ya Msomaji wa Kifaransa

Pinyin, mfumo wa kuandika Kichina kwa herufi za Kirumi, ulipitishwa rasmi nchini China mwaka 1958. Mwanafunzi wa Lubumbashi huusoma akiwa na tahajia mbili kichwani. Ile ya Kifaransa humfanya asome ch kama sh, na amezoea kuona sauti ya Kiswahili ch ikiandikwa tsh, kama katika jina Tshombe. Hapa tahajia ya Kiswahili ni kiongozi bora, kwa kuwa ch na sh za pinyin zinakaribiana na zile za Kiswahili. Kinyume chake, Kifaransa humsaidia kutamka ü, irabu ambayo Kiswahili hakina. Herufi q, x na c hazina budi kujifunzwa upya, kwa maana hakuna tahajia kati ya hizo mbili inayomwonyesha sauti zake.

Jambo moja hupotosha zaidi kwa kuwa linaonekana rahisi. Mwanafunzi hufurahi kukuta kwamba baba ni bàba na mama ni māma. Hata hivyo, b ya pinyin si ya ghuna kama b ya Kiswahili. Ni p isiyo na mpumuo, nayo hutofautishwa na p yenye mpumuo. Tofauti ya namna hiyo husikika katika Kimvita, ambamo paa la nyumba halina mpumuo na paa mnyama anao, ingawa tahajia sanifu haiionyeshi. Kipande cha karatasi mbele ya mdomo, kinachotikisika kwa p na kutulia kwa b, ni chombo cha kutosha kwa zoezi hili.

4.0 Mazungumzo Yenye Pande Mbili

Kuhusu sarufi ya mazungumzo, Kiswahili kinasaidia kuliko Kifaransa. Neno la kuulizia hubaki mahali pa jibu lake: Unataka nini? ni Nǐ yào shénme?, na Unakwenda wapi? ni Nǐ qù nǎr? Hakuna haja ya kupangua sentensi kama Kifaransa kifanyavyo. Hali kadhalika, aliyezoea ngeli haoni ajabu kwamba nomino huamua namna ya kuhesabu. Tofauti ni kwamba Kichina huweka neno la kuhesabia kati ya idadi na nomino: sān ge rén ni watu watatu, sān běn shū ni vitabu vitatu.

Suala kubwa ni nini kisemwe. Masomo mengi ya mwanzo huanza kwa salamu, majina na bei. Hayo ni sawa, lakini hayatoshi. Katika majuma ya kwanza mwanafunzi apewe pia sentensi za kujisimamia: Wǒ bù dǒng (sielewi), Qǐng zài shuō yí biàn (tafadhali sema tena), Wèishénme? (kwa nini?), Bù xíng (haiwezekani), Wēixiǎn! (hatari!). Mathalani, katika igizo la darasani msimamizi husema Guòlái!, yaani njoo hapa. Mwanafunzi anayejua amri hiyo tu atakwenda. Anayejua pia kuuliza na kuonya ataweza kusema kwamba mahali pale ni pa hatari. Katika mgodi, tofauti hiyo yaweza kuwa ya uhai.

Kwa hiyo kila igizo lirudiwe kwa kubadilishana nafasi: mnunuzi awe mwuzaji, na msimamizi awe mfanyakazi. Aidha, aliyetoa amri asiruhusiwe kumaliza mpaka ameulizwa swali moja na kulijibu. Kanuni hii ndogo ndiyo inayogeuza msamiati kuwa mazungumzo.

5.0 Kuandika: Machache kwa Mkono, Mengi kwa Jicho

Walimu hutofautiana kuhusu herufi za Kichina. Wengine huzianza siku ya kwanza. Wengine huzichelewesha mpaka matamshi yatulie. Njia ya kati inafaa zaidi kwa darasa la Lubumbashi, yaani kutenganisha herufi za kuandika kwa mkono na zile za kutambua tu. Za kuandika ziwe chache na zenye kuzaa nyingine: 人 (mtu), 口 (mdomo), 木 (mti), 女 (mwanamke), 马 (farasi). Mti ukirudiwa mara mbili, 林, ni msitu. Mwanamke akiwekwa kando ya farasi hupatikana 妈, mama, ambapo sehemu ya kwanza hudokeza maana na ya pili, mǎ, hudokeza sauti. Utaratibu wa mikwaju nao usipuuzwe: juu kabla ya chini, kushoto kabla ya kulia, mlalo kabla ya wima unaoukata.

Za kutambua ziwe zile ambazo mtu hukutana nazo kazini: 危险 (hatari), 出口 (njia ya kutoka), 入口 (njia ya kuingia). Siku hizi simu humwezesha mwanafunzi kuandika pinyin na kuchagua herufi, hivyo kutambua kumepata uzito mkubwa zaidi kuliko zamani. Lakini simu haimsaidii asiyejua matamshi, na kwa hiyo kuandika kunarudi tena kwenye sikio.

Lubumbashi yenyewe ina mfano wa jambo hili. Mwaka 1965 André Yav aliandika kwa Kiswahili historia ya mji wa Elisabethville, ambayo Fabian aliichapisha mwaka 1990. Maneno yake hayakugawanywa kwa kufuata tahajia ya shule, na msomaji huielewa vyema anapoisoma kwa sauti. Maandishi ya Kichina nayo hayaachi nafasi kati ya maneno. Ni juu ya msomaji kujua neno linaishia wapi. Kwa sababu hiyo kila zoezi la kuandika liishe kwa kusoma kwa sauti, na imla ipewe nafasi kubwa kuliko kunakili.

6.0 Hitimisho

Imeelezwa kwamba mwanafunzi wa Katanga haanzi Kichina akiwa mikono mitupu. Lugha za nyumbani humpa toni, Kiswahili humpa mpangilio wa maswali na baadhi ya sauti, na Kifaransa humpa irabu moja ngumu. Somo lililopangwa vizuri huzitumia zote. Zaidi ya hayo, kipimo cha somo la mwanzo kisiwe idadi ya maneno aliyoyakariri mwanafunzi, bali uwezo wake wa kumsimamisha msemaji, kumwuliza maana, na kumjibu. Vijitabu vilivyobebwa na maofisa wa vituo kama Lukafu havikumpa nafasi hiyo aliyekuwa akisemeshwa. Darasa la leo lina uwezo wa kuitoa.