Vitabu Saba Nilivyopata, na Jinsi Nitakavyovisoma

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Tangu shule ilipofunguliwa mwezi huu wa Julai, wenzangu wengi wamefika kitandani pangu kuuliza habari za vitabu vilivyomo katika tranka langu. Wengine wataka kuazima, wengine wataka kujua nilivipata wapi, na wale wa kidato changu wastaajabu jinsi mtu anayengoja mtihani wa taifa mwezi wa Novemba awezavyo kupata nafasi ya kusoma hadithi. Kwa kuwa nimechoka kujibu swali moja mara ishirini, nimemwomba Mhariri ruhusa nijibu yote hapa. Wazazi nao husoma gazeti hili, na baadhi yao, kama baba yangu, wana shaka na hadithi. Basi maneno yangu mengine ni yao.

Nilivinunua kwa fedha za mayai. Nina kuku 12 nyumbani, na mama huniwekea fedha zao niwapo shuleni. Likizo ya Juni nilipozihesabu nikaona zatosha vitabu vitatu vipya vya dukani, na vinne vya mitumba kwa wale wauzaji watandikao maturubai kando ya njia. Mwenye kununua kitabu cha mitumba yampasa awe na macho. Kwanza akishike kwa mgongo na kukitikisa kidogo, na karatasi zilizolegea zitajionyesha. Kisha afuate nambari za kurasa, hasa za mwanzo na za mwisho, maana hizo ndizo zitokazo mapema. Halafu anuse. Kitabu chenye ukungu, ukikitia katika tranka pamoja na vingine wakati wa masika, huviharibu vyote kabla ya muhula kwisha. Mimi nilikubali kimoja chenye upungufu, kwa kuwa muuzaji alinionyesha mwenyewe na kunipunguzia bei; habari zake zaja.

Vyote saba naviita hadithi za vijana, ingawa si vyote vilivyoandikwa kwa ajili ya vijana. Katika nchi kama Marekani na Uingereza maduka huzitengea hadithi hizo rafu zake. Wengi huhesabu mwanzo wa vitabu vya namna hiyo kuwa mwaka 1967, ilipotoka hadithi ya S. E. Hinton, msichana wa Tulsa, Oklahoma, aliyeiandika angali mwanafunzi wa sekondari na kuiona imechapwa akiwa na miaka 18. Wachapaji walitumia herufi za kwanza za majina yake, wasije watu wakadharau habari za wavulana zilizoandikwa na msichana. Kwetu rafu ya namna hiyo ni adimu, basi nimejiwekea kipimo changu: hadithi ya vijana ni ile ambayo mtu wa umri wetu, au aliyetupita kidogo, alazimika kukata shauri mwenyewe, na wakubwa waliomzunguka ama hawapo, ama hawamsaidii, ama ndio waliomtia taabuni. Kwa kipimo hicho Kiswahili kina hadithi nyingi za vijana kuliko watu wadhanivyo.

Sasa nieleze mpango. Kutoka juma hili hadi mtihani ni majuma 16. Manne ya mwisho sitashika hadithi yo yote, hilo halina mjadala. Yabaki 12. Kila siku, isipokuwa Jumapili ambayo ni ya kufua na kuandika barua, nina nusu saa iliyo yangu kweli, baina ya chakula cha jioni na prepo, tangu saa 12:45 hadi saa 1:15. Nilijipima kwa saa ya bwalo nikaona kwamba kwa nusu saa nasoma kurasa 11 bila kukimbia. Siku sita ni kurasa 66, na majuma 12 ni kurasa 792. Nilipojumlisha kurasa za vitabu vinne nikaona zaingia humo na nafasi yabaki kwa siku za homa na za zamu ya jikoni. Vitabu saba haviingii. Basi vinne nitavisoma kabla ya mtihani, na vitatu baada yake.

Shida ilikuwa kuchagua vinne vipi. Hapo niligundua jambo ambalo yafaa kila msomaji wa bweni alijue, kwamba vitabu havikatiki kwa namna moja. Kuna kitabu ukiweza kukifunga kengele ilipo na kukifungua kesho pasipo hasara, na kuna kingine ukikifunga katikati hutasikia neno la mwalimu wa prepo, maana mwili uko darasani na roho imebaki kule. Kitabu cha namna ya pili hakifai muhula wa mtihani hata kikiwa chembamba.

Kwa sababu hiyo naanza na Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu, tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyotoka mwaka 2015. Lewis Carroll alisimulia habari hizo kwa mdomo kwanza, mwaka 1862, akiwa mashuani pamoja na watoto, na kitabu kikatoka 1865. Kina sura 12, kila sura ni kituko chake, nami nitasoma sura moja kwa siku na kukimaliza kwa majuma mawili. Si mara ya kwanza kwa Alisi kusema Kiswahili. Alikwisha kuja mwaka 1940 kwa jina la Elisi. Kazi ya kumtafsiri ni ngumu, na ugumu wake ndio utamu wa kitabu. Mathalani, katika Kiingereza neno la kisa na neno la mkia husikika sawa, na Panya asemapo kwamba kisa chake ni kirefu, Alisi atazama mkia. Kiswahili hakina mchezo huo. Mfasiri afanyeje? Maktaba yetu ina nakala ya Kiingereza, nami nitaviweka vitabu viwili sambamba nione. Wanaosumbuka na karatasi ya Kiingereza wangejaribu zoezi hili. Lapita mazoezi mengi tupewayo.

Cha pili ni Kisiwa chenye Hazina, kilichotoka kwa Kiswahili mara ya kwanza mwaka 1929. Robert Louis Stevenson alikianza mwaka 1881 huko Scotland, siku za mvua zilizowafungia ndani, alipokuwa akichora ramani ya kisiwa pamoja na mtoto wa mkewe. Na ramani ikazaa hadithi. Ilitoka kwanza vipande vipande katika gazeti la vijana, kabla ya kuwa kitabu mwaka 1883. Basi iliandikwa ili watu waisome kidogo na kungoja. Yafaa sana nusu saa yangu.

Cha tatu ni Siku Njema cha Ken Walibora wa Kenya, kilichotoka mwaka 1996. Mwandishi huyo, aliyefariki mwaka 2020, alikuwa mtangazaji na mwalimu wa chuo kikuu, na dada zetu wa ng'ambo ya mpaka wamekisoma mashuleni kwa miaka mingi. Kijana Kongowea, mwana wa mwimbaji wa taarabu, aondoka Tanga kwenda Kenya kumtafuta baba asiyemjua. Hiki nimekiweka katika mwezi wa mtihani wa majaribio, kwa kuwa nasikia lugha yake ni tamu, na lugha tamu hainichoshi.

Cha nne ndicho kilichozua maneno nyumbani. Ni Rosa Mistika cha Euphrase Kezilahabi, mwana wa Ukerewe, aliyekitoa mwaka 1971. Kilipotoka kilizuiwa mashuleni kwa sababu ya kusema wazi mambo ya wasichana na wanaume, kisha miaka ikapita kikakubaliwa na kusomeshwa. Baba alipoliona jina hilo juu ya meza alinyamaza kwanza. Halafu akasema, "Mwanangu, hadithi haziandiki jibu la Hisabati. Na hiki, hata mtihani usingalikuwapo, nisingalikuchagulia."

Sikumjibu, maana si desturi kwetu kumjibu baba papo hapo. Aliyesema ni mama. Kitabu hicho alikisoma zamani akiwa msichana, na akaanza kumsimulia baba palepale, akipepeta mchele: kwamba Rosa alilelewa na baba mkali asiyemruhusu hata kupokea barua ya mvulana, akapigwa kwa barua moja tu, na alipokwenda kusoma mbali na fimbo ile hakuwa na mtu wa kumwuliza lo lote, maana nyumbani hakuzoea kuuliza. Mwisho wake mama hakuusimulia. Baba akakaa kimya muda mrefu, kisha akauliza kama mwandishi alikuwa mtu mzima. Nikamwambia alikuwa kijana wa chuo kikuu.

Tulivyopatana ni hivi, nami naeleza kwa kuwa huenda mwanafunzi mwingine na mzazi wake wakaweza kupatana vivyo hivyo. Rosa Mistika nimeruhusiwa, ila kila Jumapili nimwandikie mama barua juu ya sehemu niliyosoma, naye atajibu. Simu haziruhusiwi bwenini, na barua zinatosha. Swali lo lote nitakalokuwa nalo niliandike humo, hata kama laona haya. Upande wa baba sharti ni moja: alama zangu za Hisabati katika mtihani wa majaribio zikiwa chini ya 60, vitabu vyote saba vitarudi nyumbani. Muhula uliopita nilipata 58. Kwa hiyo wale wanionao na kitabu cha hadithi saa 12:45 na kudhani nacheza, wajue kwamba saa 1:15 nakwenda kuitafuta alama hiyo ya 60, na kwa mara ya kwanza tangu kidato cha kwanza nina haja nayo kweli.

Vile vitatu vya baadaye navyo vimo katika tranka, lakini vimefungwa kwa kamba ya katani, na fundo alilipiga baba kwa mikono yake. Halifunguki bila kujulikana. Tafadhali msiniombe.

Kimoja ni Peponi cha Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepewa Tuzo ya Nobeli ya Fasihi mwaka 2021. Kwa Kiingereza kilitoka 1994, na tafsiri ya Kiswahili, ambayo pia ni ya Ida Hadjivayanis, ikatoka 2022. Yusuf, mtoto wa miaka 12, achukuliwa na tajiri amwitaye mjomba, naye hajui kwamba amewekwa rehani kwa deni la baba yake. Baadaye afuatana na msafara wa biashara kwenda bara. Nataka kumlinganisha na Jim wa Kisiwa chenye Hazina, maana wote wawili wasafiri na wakubwa wanaotafuta mali. Ila Jim ana ramani mfukoni, na Yusuf ndiye mali yenyewe. Nilisoma kurasa tatu za kwanza dukani nikaona kwamba hiki kitataka utulivu na siku nzima. Nitakipa Desemba.

Cha pili ni Vuta N'kuvute cha Adam Shafi, cha mwaka 1999, habari za Yasmin aliyeozwa kwa mume aliyempita sana umri, katika Zanzibar ya zama za Waingereza. Amil Shivji alikifanyia filamu iliyotoka mwaka 2021. Baadhi yenu mmeiona filamu mkadhani mmesoma kitabu. Mtaniwia radhi, si kitu kimoja.

Kuazima kupo kwa vitabu vinne tu, kila kimoja baada ya mimi kukimaliza. Daftari la majina limetundikwa mlangoni mwa bweni, na matroni amekubali kuwa shahidi. Muda ni siku saba. Desturi ya kukipasua kitabu vipande vitatu ili watu watatu wasome kwa pamoja siikubali kamwe: mwenye kipande cha katikati huwa wa kwanza kukipoteza, na hapo wale wawili wengine hawana kitabu tena.

Chabaki kile chenye upungufu. Ni Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, aliyekuwa mhariri wa gazeti la wakulima huko Zanzibar. Kilishinda katika mashindano ya kuandika hadithi ya miaka ya 1957 na 1958, kikachapwa 1960, na humo ndimo Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko, alipotokea mara ya kwanza pamoja na rafiki yake Najum. Wengi humfananisha na Sherlock Holmes. Ni kitabu kisichokatika kabisa, na hata pasipo fundo la baba ningalikiweka mbali hadi Novemba. Nakala yangu ni safi, jalada zima, haina ukungu, lakini karatasi mbili za mwisho hazimo. Mwenye nakala kamili, awe mwanafunzi, mwalimu au mzazi, namwomba aniazime kwa Jumapili moja tu. Nitazinakili kurasa hizo kwa mkono na kuirudisha jioni ile ile. Mama atazinakili badala yangu ikiwa mwenye kitabu yuko karibu na kwetu. Namsihi pia asiniambie mwuaji ni nani.