Bawaba Aliyerudi kutoka Loiyangalani

Sogeeni karibu, wanangu wa Kibera na Kawangware. Mmoja wenu ameniuliza swali zuri sana: "Mjomba, kwa nini mlango wa kabati hulegea? Nani huulegeza?"

Hongera, mwanangu! Wengi huuona mlango umelegea wakapita. Wewe umesimama ukauliza. Ufundi wote huanzia hapo.

Lakini leo sitajibu peke yangu. Tumsikilize anayeyajua haya kwa mwili wake. Anaitwa Bawaba. Ni vibamba viwili vya chuma vilivyoungana: kimoja hushika mlango, kingine hushika kabati. Sasa hivi amelazwa juu ya meza ya seremala, pale Kongo, Kawangware, katikati ya vumbi la mbao.

"Hamjambo, watoto?" akasema Bawaba. "Mimi naishi ndani ya gari. Si matatu ya 46 mnayoijua. Ni gari la safari lenye kitanda, jiko na kabati la vyombo. Wenyewe hupika humo na kulala humo."

"Kabati ndani ya gari?"

"Ndiyo, mwanangu. Tulitoka Nairobi tukaenda mpaka Marsabit. Lami tupu, raha mustarehe. Kisha tukaiacha lami, tukashika njia ya Loiyangalani, kando ya Ziwa Turkana. Mawe na kokoto! Gari likatikisika, kabati likatikisika, nami nikatikisika. Tiki, tiki, tiki! Sufuria zikausukuma mlango. Mlango ukanivuta mimi. Mimi nikazivuta skrubu zangu. Tiki, tiki, tiki, siku nzima!"

"Maskini! Skrubu zikakatika?"

"Hata moja haikukatika."

Seremala akainua skrubu moja juani. Tazameni. Kichwa kizima. Meno yake makali bado. Lakini katikati ya meno umeganda unga wa rangi ya kahawia. Ule ni unga wa mbao. Skrubu ni nzima. Kilichoharibika ni tundu.

"Tundu linaharibikaje, na lenyewe ni uwazi tu?"

Swali zuri mno! Twendeni uani. Mnaijua nguzo ya kamba ya kuanikia nguo? Siku ya kwanza imesimama wima. Mama anaanika blanketi zito, nguzo inavutwa. Upepo unavuma, nguzo inayumba. Kila ikiyumba inasukuma udongo kidogo. Mwisho shimo linapanuka, na nguzo inainama. Nguzo haina kosa. Udongo ndio uliosogea. Ubao wa kabati nao ni hivyo hivyo. Skrubu ikitikisika inasaga mbao, mbao zinakuwa unga, na tundu linapanuka.

"Basi fundi akaze kwa nguvu zote!"

"La, la, la!" akalia Bawaba. "Tundu likishapanuka, skrubu huzunguka bila kushika. Ukizidi kuizungusha, inazidi kusaga."

"Basi aweke skrubu ndefu!"

Umefikiri vizuri. Lakini pima kwanza. Ubao huu una unene wa milimita 18. Skrubu ya milimita 16 inaingia na kuishia ndani. Ya milimita 25 itatokeza upande wa pili na kukuchoma kidole.

"Sasa tufanyeje?"

Tufanye kama uani. Nguzo ikiinama, hatuilaumu nguzo. Tunajaza shimo, tunashindilia. Haya, mtazameni seremala.

Alipomtoa Bawaba, kwanza alitoa vyombo vyote na kuuondoa mlango, usije ukamwangukia. Amepuliza unga wote utoke tunduni. Amechukua vijiti vya kuchokolea meno, akavipaka gundi ya mbao, akavisukuma ndani ya tundu kimoja baada ya kingine mpaka kingine hakiingii. Sasa anangoja.

"Anangoja nini?"

Gundi ikauke. Wenye haraka huharibu hapa. Yeye anaiacha mpaka kesho. Kesho atakata vijiti vilivyotokeza, atatoboa katikati tundu jembamba kuliko skrubu, kisha ataikaza kwa bisibisi ya mkono, polepole. Ikishika, anaacha. Hazidishi hata kidogo.

"Na wakirudi Loiyangalani, si italegea tena?"

Ndiyo maana seremala anafunga pia komeo mlangoni. Gari likitikisika, komeo hubana mlango usicheze, na Bawaba hapati taabu peke yake. Sufuria nzito zitakaa chini, vikombe vya plastiki juu. Na kila wakimaliza njia ya mawe, wenye gari watagusa skrubu zote kwa bisibisi. Iliyolegea kidogo hukazwa kabla haijasaga tundu.

"Mjomba, sisi hatuna gari. Mbona kabati letu limelegea?"

Kwa sababu mlango wenu nao husafiri, mwanangu. Hufunguliwa asubuhi, hufungwa, hufunguliwa tena. Treni ikipita Kibera, nyumba za kando ya reli hutikisika. Na kuna mtoto fulani huning'inia mlangoni akitafuta sukari. Simtaji!

Basi leo jioni, fungua mlango wa kabati lenu taratibu. Uinue kidogo kwa mkono. Mlango ukicheza, mwite mzazi, mtazame skrubu pamoja. Kama inashika, ikazeni. Kama inazunguka bure, jazeni tundu kwa vijiti na gundi, na mngoje mpaka kesho. Msipoelewa, waulizeni maseremala wanaopanga vitanda na kabati kando ya Ngong Road. Na usione haya kuuliza, mwanangu: fundi hodari hufurahi kuulizwa.