Dola za Kumbukumbu: Ya Kwanza, Kubwa Kuliko Zote na Ile Isiyo na Mwenzake

Kati ya dola za kumbukumbu za Marekani, inayowapa watu matumaini makubwa kuliko bei yake ni ile ya Eisenhower ya 1776–1976. Upande mmoja kuna kichwa cha rais huyo mwenye upara. Upande wa pili kuna Kengele ya Uhuru ikiwa mbele ya mwezi, mchoro wa Dennis Williams, aliyeshinda shindano la kuibuni akiwa bado mwanafunzi. Ina upana wa milimita 38, inajaa kiganjani, na ile miaka miwili humfanya mtu aione ni ya kale. Kumbe ilitolewa kuadhimisha miaka 200 ya uhuru wa Marekani, na zilifuliwa zaidi ya milioni 200 za matumizi ya kawaida. Iliyopita mikononi mwa watu wengi haizidi sana dola moja.

Hata hivyo, anayetumiwa picha yake na kuulizwa bei asiharakishe kujibu. Kwanza atazame maandishi ya upande wa kengele: herufi nene ni za toleo la kwanza, nyembamba ni za toleo la pili. Kisha atafute herufi ya kiwanda upande wa kichwa. D ni Denver, S ni San Francisco, na isiyo na herufi kwa kawaida ni ya Philadelphia. Zenye madini ya fedha, asilimia 40, zote zilizouzwa kwa wakusanyaji zina S na maandishi manene. Lakini S peke yake haitoshi, kwa sababu San Francisco ilifua pia za shaba na nikeli. Jibu liko ukingoni, ambako sarafu ya shaba na nikeli huonyesha mstari mwekundu wa shaba, na liko kwenye mizani: gramu 24.6 kwa yenye fedha, 22.7 kwa isiyo nayo. Picha ya uso wa sarafu haina ukingo wala uzito.

Ndiyo maana adimu kuliko zote inanisisimua kila ninapoifikiria. Ni dola ya mwaka huohuo, ya toleo la pili, ya fedha, iliyofuliwa kwa ustadi wa kipekee hadi uwanja wake ukang'aa kama kioo, na haina herufi ya kiwanda. Inajulikana moja tu duniani. Wakusanyaji husimulia kwamba iliibuka mwaka 1977 jijini Washington, katika droo ya keshia ya duka kubwa la Woodward & Lothrop. Mchoro wake, maandishi yake membamba na nafasi tupu ya herufi vinafanana na vya zaidi ya sarafu milioni 113 za Philadelphia. Kwenye picha hafifu ya simu hakuna ambaye angeitambua.

Ya kwanza kabisa ya fedha ni rahisi zaidi kuitambua: vichwa viwili vilivyopandiana, cha rais Washington na cha jenerali Mfaransa Lafayette, na upande wa pili mpanda farasi. Ina mwaka 1900, ingawa zote, kama 50,000, zilifuliwa siku moja tu, 14 Desemba 1899, miaka 100 kamili tangu Washington afariki. Iliuzwa dola mbili ili kuchangia sanamu ya Lafayette mjini Paris. Maelfu yaliyokosa wanunuzi yaliyeyushwa baadaye, na, ukiacha zile za fedha za Eisenhower, hadi 1983 Marekani haikutoa dola nyingine ya kumbukumbu ya fedha. Hata iliyochakaa huuzwa kwa mamia ya dola, mradi mwenyewe asiisugue. Dawa ya meno na kitambaa vimeshusha bei za sarafu nyingi nzuri, na mikwaruzo yake haifutiki.

Kwa ukubwa, inayoongoza ni ya Apollo 11 ya mwaka 2019: wakia tano za fedha, upana wa milimita 76. Miongoni mwa ndogo kabisa ni za dhahabu za mwaka 1903, za kukumbuka ununuzi wa Louisiana, milimita 15 tu. Zote mbili thamani yake kisheria ni dola moja. Mpiga picha aweke rula kando ya sarafu.

Iliyouzwa kwa wingi kuliko nyingine ni ya Sanamu ya Uhuru ya mwaka 1986, zaidi ya milioni saba. Ina asilimia 90 ya fedha, kwa hiyo bei yake hufuata soko la madini.

Michezo ya Olimpiki ya Atlanta ndiyo iliyowachosha wanunuzi. Kwa miaka miwili, 1995 na 1996, zilitolewa dola za aina nane tofauti, mbali na nusu dola na sarafu za dhahabu. Mwishoni wengi walikuwa wamefunga mifuko, na ile ya 1996 yenye mwanariadha wa Paralimpiki katika kiti cha magurudumu, ya Denver, ikaishia kwenye 14,497. Kwa miaka mingi hiyo ndiyo ilikuwa idadi ndogo kuliko zote kwa dola za kumbukumbu za fedha za kizazi hiki. Dada yake wa Philadelphia, mwenye mchoro uleule na herufi P, idadi yake ilizidi 80,000 na bei yake iko chini. Mtu akinitumia picha ya sarafu hiyo, namwomba ya pili, iliyopigwa karibu na herufi.