Waliojenga Daraja la Forth: Kazi Yao na Chama Chao

Mtu akivuka daraja hutazama maji chini, hufurahi kufika ng'ambo, kisha huenda zake. Ni wachache wanaouliza: Je, waliolijenga walikuwa nani? Walilala wapi? Na yule aliyeanguka, mjane wake alisaidiwa na nani? Leo tutazame watu wa daraja moja mashuhuri, yaani daraja la reli la Forth, karibu na mji wa Edinburgh katika nchi ya Uskoti.

KAZI ILIYOANZA NA HOFU

Kazi ilianza mwaka 1882, watu wakiwa bado na hofu. Usiku wa tarehe 28 Desemba 1879, katika dhoruba kali, daraja la mto Tay la nchi hiyo hiyo lilivunjika treni ikiwa juu yake, wakafa watu wapatao 75. Injinia wake, Thomas Bouch, ndiye aliyekuwa amechora daraja la Forth pia. Basi mchoro wake ukaachwa. Mainjinia John Fowler na Benjamin Baker wakachora jingine lenye nguvu zaidi, na kazi wakapewa kampuni ya Tancred, Arrol. Huyo William Arrol hakuzaliwa tajiri. Alianza kazi katika kiwanda cha pamba akiwa mtoto, halafu akajifunza uhunzi, mwishowe akawa na karakana zake mwenyewe huko Dalmarnock, mjini Glasgow.

CHINI YA MAJI NA JUU ANGANI

Kwanza ilibidi kuweka misingi. Masanduku makubwa ya chuma, mapana kuliko nyumba, yalizamishwa mpaka chini ya bahari. Hewa ilisukumwa ndani kwa nguvu ili maji yasiingie, na humo watu walichimba udongo kwa taa. Hewa hiyo iliyobanwa iliwaletea wengine maumivu makali ya viungo walipotoka nje.

Kisha wakapanda juu. Minara mitatu ya feleji ilipanda zaidi ya meta 100 juu ya maji. Vipande vyake viliunganishwa kwa ribiti, ile misumari minene ambayo hupashwa moto mpaka iwe myekundu, ikapenyezwa tunduni, kisha ikapondwa upande wa pili ili isitoke. Wewe uliyemwona mhunzi kijijini utaelewa kazi hiyo. Lakini mhunzi wetu hufua jembe akiwa ameketi chini. Hawa walifua angani, upepo wa bahari ukiwapiga, na ribiti zilizotumika zilipita milioni 6.

MAISHA YA WAJENZI

Wakati kazi ilipopamba moto wafanyakazi walifika kama 4,600. Kijiji cha South Queensferry hakikuweza kuwapokea wote. Kampuni ilijenga nyumba kadhaa, na wengine waliletwa kila siku kwa treni na kwa meli. Pombe nayo ilileta matata. Bwana Baker alilalamika kwamba hoteli ya Hawes, iliyokuwa katikati ya kazi, iliwavuta watu wake wengi mno. Na mtu aliyelewa atasimamaje juu ya ubao mwembamba?

Hata hivyo kuna jambo la kusifiwa. Katika mwaka 1883 kiliundwa chama cha kusaidiana katika ugonjwa na ajali. Kila mwajiriwa wa kampuni alilazimika kuwa mwanachama. Aliyeugua alipata matibabu, pengine na jamaa yake pia; asiyeweza kufanya kazi alipewa fedha; aliyekufa alizikwa kwa msaada wa chama, na mjane wake akapewa kitu mkononi. Tena mashua ziliwekwa majini chini ya wajenzi, zikaokoa watu 8 wasizame.

HESABU YA WAFU

Daraja lilifunguliwa tarehe 4 Machi 1890. Kwa miaka mingi ilisemwa kwamba waliokufa walikuwa 57. Katika karne hii wenyeji wa Queensferry walichunguza kumbukumbu za zamani, wakaona kwamba walikuwa 73. Katika hao, 38 walianguka, 9 walizama, 9 walibanwa, 8 walipigwa na vitu vilivyoanguka, na 3 waliungua kibandani. Basi watu 16 walikuwa wameachwa nje ya hesabu kwa zaidi ya miaka 100! Mwaka 2012 kumbukumbu za wafu hao ziliwekwa pande zote mbili za maji.

Karakana za Dalmarnock zilifungwa mwaka 1986. Daraja lingali linapitisha treni, na mwaka 2015 UNESCO ililiingiza katika urithi wa dunia.

Ndugu msomaji, labda nawe umo katika chama cha kufa na kuzikana. Usione uzito kutoa mchango wako, maana kidole kimoja hakivunji chawa. Lakini mtazameni na daftari la chama. Limeandikwa vizuri? Majina yamo yote, hata la kibarua aliyetoka mbali? Wajenzi wa Forth walisaidiana vizuri katika shida, na bado wenzao 16 wakasahauliwa. Fedha ya mazishi huisha siku ile ile. Jina lililoandikwa huwafikia wajukuu.